AFYA: Kupungua uzani kwa pupa huzua vijiwe kwenye kifuko cha nyongo

KILA achinjapo mbuzi, mchinjaji wa Keroka, Nyamira au Kisii mjini huwa na hadhari kubwa afikapo kwenye ini. Chini ya ini hilo pamejibanza kifuko kidogo cha rangi ya kijani ambacho kikipasuka, nyama yote iliyorushiwa maji yake huwa chungu isiyolika.

Kifuko hicho, ambacho ni cha nyongo, binadamu pia anacho. Kimekaa upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo ya mbavu, na wengi huishi miaka na miaka bila kukumbuka kwamba kipo.

Hukumbukwa siku kinapoanza kuuma. Ajabu ni kwamba maumivu hayo huweza kumpata mtu wakati ambapo anajipongeza kwa kuwa mwembamba, baada ya wiki kadhaa za kushindia maji ya ndimu, matango na chai isiyo na maziwa.

Wataalamu wa tiba wamejua kwa zaidi ya miaka 30 sasa kwamba mtu anayepungua uzani kwa kasi hujiweka katika hatari ya kuota vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Hali hii haimaanishi kuwa ni makosa kupunguza unene. Kosa ni pupa, na hasa dhana kwamba anayetaka kukonda sharti aepuke kila tone la mafuta.

Suala hili lina uzito katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambako sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 na 605,576 mtawalia. Huku, kama kwingineko nchini, unene unaongezeka, na pamoja nao njia za mkato za kuuondoa.

Nyongo hufanya kazi gani?

Nyongo hutengenezwa na ini, wala si kifuko chenyewe. Kwa siku moja ini la mtu mzima hutoa kati ya mililita 500 na 1,000 za nyongo.

Sehemu ya nyongo hiyo huhifadhiwa katika kifuko chenye umbo la peasi, ambacho huweza kubeba takriban mililita 30 hadi 50. Humo nyongo hupunguzwa maji na kuwa nzito zaidi, ikisubiri kazi.

Kazi yenyewe ni kusaga mafuta. Mtu anapokula chakula chenye mafuta kiasi, utumbo mdogo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hii husafiri katika damu na kukiamuru kifuko kijikunyate ili kimimine nyongo katika utumbo kupitia mrija mwembamba.

Nyongo huyavunjavunja mafuta kuwa matone madogo sana, jinsi sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye masizi ya nyama. Bila nyongo, mwili ungepata taabu kufyonza mafuta pamoja na vitamini A, D, E na K ambazo huyeyuka katika mafuta.

La kukumbuka hapa ni hili: kifuko hujikamua barabara kinapopata habari kwamba chakula chenye mafuta kimefika. Chakula hicho kisipokuja, kifuko hulala na nyongo husimama humo kama maji ya kidimbwi.

Vijiwe huzaliwaje?

Ndani ya nyongo mna vitu vitatu ambavyo hutakiwa kuwa katika mizani: kolesteroli, chumvi za nyongo, na aina ya mafuta iitwayo lesithini. Kolesteroli haiyeyuki katika maji, hivyo hutegemea hizo nyingine mbili ziibebe.

Anayekunywa chai anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Kijiko kimoja cha sukari huyeyuka chote katika kikombe. Vijiko 10 vikitiwa, sukari inayozidi hubaki chini ya kikombe, tena chai ikipoa huganda.

Vivyo hivyo, kolesteroli ikizidi uwezo wa chumvi za nyongo na lesithini, huanza kuganda na kuwa chembechembe. Nyongo ikiwa imesimama bila kukamuliwa, chembechembe hizo hushikana na kuwa vijiwe.

Vijiwe huweza kuwa vidogo kama punje za mchanga au vikubwa kama yai la kuku. Mtu anaweza kuwa na kimoja au mamia.

Kuna pia vijiwe vyeusi ambavyo havitokani na kolesteroli bali na mabaki ya chembe nyekundu za damu. Hivi huwapata sana wagonjwa wa selimundu, ambao chembe zao za damu huvunjika upesi.

Wanawake huathiriwa zaidi kuliko wanaume, hasa walio na miaka 40 na zaidi, waliozaa mara nyingi, na wanaotumia dawa zenye homoni ya estrojeni. Ujauzito wenyewe huifanya nyongo iwe nzito na kifuko kuwa kizembe. Unene wa kupita kiasi, ugonjwa wa kisukari na historia ya ugonjwa huu katika familia pia huongeza hatari.

Mbona kukonda haraka ni hatari?

Hapa ndipo wengi hutatizika. Ikiwa unene huleta vijiwe, iweje kuupunguza pia kulete vijiwe?

Sababu ya kwanza ni kwamba mtu anapojinyima chakula, mwili huanza kuchoma mafuta uliyokuwa umeyaweka akiba. Katika mafuta hayo mna kolesteroli, nayo huelekea kwenye ini na kumiminwa katika nyongo kwa wingi.

Sababu ya pili ni kwamba chumvi za nyongo, ambazo ndizo zingeibeba kolesteroli hiyo, hupungua wakati mtu anapokula kidogo mno.

Sababu ya tatu ni ule usingizi wa kifuko. Kwa kuwa hakuna mafuta yanayofika utumboni, kifuko hakipati amri ya kujikamua. Kolesteroli imeongezeka, vibebaji vyake vimepungua, na nyongo haisogei. Vijiwe havihitaji mazingira bora kuliko hayo.

Mnamo 1989 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 51 wenye unene wa kupindukia waliopewa takriban kalori 500 pekee kwa siku. Baada ya wiki nane, watu 13 kati yao, yaani robo, walikuwa wameota vijiwe ambavyo hawakuwa navyo mwanzoni.

Uchunguzi mwingine uliofanywa Italia na kuchapishwa 1998 ulitoa funzo la thamani zaidi. Watu waligawanywa katika makundi mawili yaliyokula kalori chache zinazokaribiana. Kundi moja lilipata gramu tatu za mafuta kwa siku, na lingine gramu 12.

Baada ya miezi mitatu, watu sita kati ya 11 waliofuatiliwa katika kundi la gramu tatu walikuwa na vijiwe. Katika kundi la gramu 12, hakuna hata mmoja kati ya 11 aliyepatikana navyo. Tofauti ya gramu tisa, ambazo hazifiki kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, ndiyo iliyowatenganisha.

Kasi nayo ina mpaka wake. Tafiti zimeonyesha kuwa hatari huanza kupanda sana mtu anapopoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki.

Kupungua na kunenepa tena na tena pia kuna madhara. Utafiti uliofuatilia wauguzi wa kike nchini Marekani, na matokeo yake kuchapishwa 1999, ulibaini kwamba waliowahi kupoteza kilo tisa au zaidi kisha wakazirudisha walikuwa na uwezekano wa asilimia 68 zaidi wa kufanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo, wakilinganishwa na wale ambao uzani wao haukuyumba.

Mlo wa mababu na mabadiliko ya leo

Madaktari waliohudumu Afrika Mashariki katika karne ya 20 waliona vijiwe vya nyongo kuwa ugonjwa adimu mashambani. Miongoni mwao ni Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi.

Wawili hao walihusisha uadimu huo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi visivyokobolewa. Kitabu walichohariri pamoja mwaka 1981 kiliweka vijiwe vya nyongo katika orodha ya maradhi yanayoandamana na mabadiliko ya maisha.

Wamaasai, ambao ni majirani wa Abagusii upande wa Transmara, waliwahi kuchunguzwa vilevile. Utafiti uliochapishwa 1971 ulionyesha kwamba ingawa walikula nyama na maziwa kwa wingi, nyongo yao ilikuwa na vibebaji vya kutosha kuliko kolesteroli, na vijiwe vya kolesteroli havikuonekana.

Katika nyanda za Gusii, mlo wa jadi ulikuwa ugali wa wimbi, ndizi za kupikwa, viazi vitamu, maharagwe, na mboga kama chinsaga, rinagu na enderema. Chinsaga ilichemshwa kwa muda mrefu na kutiwa maziwa ili kuupunguza uchungu wake, na mezani hakukukosekana amabere amaruranu, yaani maziwa yaliyogandishwa.

Mlo huo ulikuwa na nyuzinyuzi tele na mafuta kiasi, ya kukiamsha kifuko cha nyongo bila kuujaza mwili. Zaidi ya hayo, walioula walipanda na kushuka vilima kutwa wakilima, wakichuma majani chai na kubeba mizigo.

Leo vibanzi, chapati, mandazi na soda hupatikana katika kila kituo cha magari kuanzia Suneka hadi Nyansiongo. Bodaboda huwabeba watu masafa ambayo zamani yalitembewa kwa miguu.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za kitaifa. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Nchini (KDHS) wa 2014 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya kila watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliopita kiasi. Katika utafiti wa 2022, kiwango kilifikia takriban asilimia 45 miongoni mwa walio na umri wa miaka 20 hadi 49.

Njia za mkato

Panapo hofu ya unene hapakosi wafanyabiashara. Kuna chai za kupunguza tumbo, vidonge visivyo na maelezo, na ratiba za kunywa juisi kwa siku saba ambazo husambazwa katika simu na kuahidi kilo tano kwa wiki moja. Bibi harusi mtarajiwa aliyebakiwa na mwezi mmoja, au mtu aliyekemewa na daktari kuhusu shinikizo la damu, huona hapo pana wokovu.

Ahadi hiyo ya kilo tano kwa wiki ni zaidi ya mara tatu ya kasi inayojulikana kuwa ya hatari kwa kifuko cha nyongo. Isitoshe, sehemu kubwa ya kinachopotea wiki ya kwanza ni maji, ambayo hurudi mara mtu anapoanza kula.

Kufunga chakula kwa siku nyingi mfululizo pia huiacha nyongo ikiwa imesimama. Anayefunga kwa sababu za kidini, hasa aliye na kisukari, aliye mjamzito au aliyewahi kuugua kifuko cha nyongo, anashauriwa kuzungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mfungo mrefu.

Dawa mpya za kisukari na unene, kama vile semaglutaidi, zimezua gumzo duniani. Mwaka 2022 watafiti walijumlisha matokeo ya majaribio 76 ya dawa za kundi hili na kupata kuwa watumiaji walikuwa na uwezekano wa asilimia 37 zaidi wa kupata maradhi ya kifuko cha nyongo na mirija yake. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia vipimo vya juu, kwa muda mrefu, na kwa ajili ya kupunguza unene.

Dawa hizo zina manufaa kwa wanaozihitaji, lakini ni za kutolewa na kufuatiliwa na daktari. Mnamo Juni 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyokuwa imenaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Hiyo ni sababu tosha ya kutonunua sindano kutoka kwa mtu asiyejulikana.

Hata upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula huleta hatari hiyo hiyo, kwa kuwa mgonjwa hukonda upesi. Katika jaribio lililochapishwa 1995 nchini Marekani, takriban thuluthi moja ya waliofanyiwa upasuaji huo bila kupewa dawa ya kinga waliota vijiwe katika muda wa miezi sita. Miongoni mwa waliopewa miligramu 600 za dawa iitwayo asidi ya ursodioksikoli kila siku, kiwango kilikuwa asilimia mbili tu.

Si kila maumivu ni vidonda vya tumbo

Watu wengi wenye vijiwe hawahisi chochote, na pengine hawatawahi kuhisi. Taabu huanza kijiwe kinapokwama kwenye mlango wa kifuko wakati kifuko kinapojaribu kujikamua.

Maumivu yake huwa makali, juu ya tumbo upande wa kulia au katikati chini ya kifua. Aghalabu huja saa chache baada ya mlo mzito, mara nyingi usiku, na huenea hadi mgongoni au kwenye bega la kulia. Hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, kisha hupoa kana kwamba hapakuwa na kitu. Kichefuchefu na kutapika huandamana nayo.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hufanana na za vidonda vya tumbo. Mgonjwa hununua dawa za kupunguza asidi dukani, maumivu hupoa yenyewe, naye huamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Akipata homa, hudhaniwa ana malaria, ugonjwa ambao umewahi kulipuka mara kadhaa katika nyanda hizi za juu, au homa ya matumbo. Miezi hupita hivyo.

Kwa mtu aliyepungua uzani kwa haraka hivi karibuni, ni muhimu amwambie daktari jambo hilo waziwazi, hata kama hakuulizwa. Ataje pia vidonge, chai na sindano alizotumia. Habari hiyo moja yaweza kuyaelekeza macho ya daktari kwenye kifuko cha nyongo badala ya tumbo la chakula.

Zipo dalili ambazo hazistahili kungojewa hadi asubuhi:

- maumivu yasiyokoma kwa zaidi ya saa tano;
- homa na kutetemeka kwa baridi;
- macho au ngozi kugeuka rangi ya manjano;
- mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi huku choo kikiwa cheupe;
- kutapika mfululizo.

Dalili hizo huonyesha kwamba kifuko kimevimba na kuambukizwa, au kijiwe kimetoka na kuziba mrija mkuu wa nyongo. Kijiwe kikiziba karibu na kongosho, kiungo hicho nacho huwaka na kuvimba, na hali hiyo yaweza kuua.

Uchunguzi na matibabu

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, ile ile ambayo akina mama wajawazito hupigwa. Haina uchungu wala mionzi ya hatari, na hufanywa vyema mgonjwa akiwa hajala kwa saa kadhaa ili kifuko kiwe kimejaa. Damu pia hupimwa ili kujua hali ya ini na kongosho.

Mgonjwa wa Nyamira anaweza kuanzia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na wa Kisii katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambayo hupokea pia wagonjwa kutoka kaunti jirani. Upande wa Mugirango Kusini kuna hospitali ya misheni ya Tabaka.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Ni busara kujisajili na kuuliza mapema ni huduma zipi zinazolipiwa, kwa kuwa upasuaji wa dharura haumpi mtu nafasi ya kutafuta stakabadhi.

Kijiwe kisicho na dalili kwa kawaida huachwa na kufuatiliwa. Vijiwe vilivyozuka wakati wa kukonda huweza hata kuyeyuka vyenyewe kwa baadhi ya watu baada ya kurejea kwenye mlo wa kawaida.

Lakini maumivu yakianza kurudi, tiba ya kudumu ni kuondoa kifuko chote. Kuondoa vijiwe na kuacha kifuko hakusaidii, kwa maana vijiwe vingine vitaota.

Upasuaji huu si mgeni duniani. Ulifanywa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882 na daktari Carl Langenbuch. Mnamo 1985, Mjerumani mwenzake, Erich Mühe, aliondoa kifuko kwa kutumia matundu madogo badala ya kupasua tumbo. Njia hiyo ndiyo inayopendelewa siku hizi, na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Wengi huogopa kisu. Hata hivyo, jamii ya Abagusii haina sababu ya kukiona upasuaji kuwa jambo la kigeni, kwani waganga wake wa jadi, ababari, walijulikana mbali kwa ufundi wa kupasua fuvu la kichwa ili kutibu walioumia.

Mtu asiye na kifuko cha nyongo huishi kama kawaida. Ini huendelea kutoa nyongo, ambayo sasa hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Baadhi huharisha kidogo wiki za kwanza, na mwili huzoea.

Jambo la kuepukwa ni ile dawa ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu ili 'kutoa mawe'. Anayeinywa huona vijidonge vya kijani chooni na kushangilia. Mwaka 2005 wataalamu wa New Zealand walivichunguza vijidonge vya aina hiyo na kukuta havina kolesteroli wala kalisi. Vilikuwa sabuni iliyojiunda tumboni kutokana na mafuta na ndimu alizokunywa mgonjwa, huku vijiwe vyake halisi vingali kifukoni.

Jinsi ya kupungua bila kuumia

Mwenye unene wa kupita kiasi hana budi kuupunguza, kwa kuwa unene wenyewe huleta vijiwe, kisukari na maradhi ya moyo. Ajiwekee lengo la nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mwenye kilo 90 akipoteza kilo tano hadi tisa katika muda wa miezi sita, atakuwa amefanya kazi kubwa kwa afya yake.

Asiruke milo, hasa kiamshakinywa. Usiku kucha kifuko huwa kimejaza nyongo, na mlo wa asubuhi ndio unaoimwaga. Anayeketi bila kula hadi saa kumi jioni huiongezea nyongo hiyo nusu siku nyingine ya kusimama.

Mlo mmoja kwa siku, angalau, uwe na takriban gramu 10 za mafuta. Kiasi hicho hakihitaji fedha nyingi Kisii na Nyamira, ambako miparachichi imejaa mashambani. Nusu ya parachichi la wastani hutosha. Glasi ya maziwa yasiyoondolewa malai huwa na takriban gramu nane, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia takriban gramu 14.

Kwa maneno mengine, chinsaga iliyotiwa maziwa si adui wa anayetaka kukonda. Afadhali apunguze kipande cha ugali, soda, sukari ya chai na vibanzi, lakini mboga yake ya maziwa aiache mezani.

Nyuzinyuzi zitoke kwenye wimbi, maharagwe, mboga za kienyeji na matunda. Mwendo wa haraka wa nusu saa kwa siku, au kazi ya shambani inayomtoa mtu jasho, husaidia kupunguza uzani na pia hupunguza uwezekano wa kuota vijiwe.

Ambaye tayari ameugua maumivu ya kifuko cha nyongo asianze kujaribu mafuta mwenyewe, kwani ndiyo huchochea maumivu kijiwe kikiwa kimeshaota. Huyo amwone daktari kwanza. Hali kadhalika, anayelazimika kupungua kwa kasi kwa sababu za kitabibu aulize kuhusu dawa ya kinga na kupigwa altrasaundi.

Uzani wenyewe si vigumu kuufuatilia. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023 walikabidhiwa vifaa vya kupima uzani, shinikizo la damu na sukari. Mkazi wa Ekerenyo au Ogembo anaweza kumwomba mhamasishaji wa mtaa wake ampime kila wiki na kuandika.

Daftari hilo likionyesha kuwa kilo mbili au tatu zimetoweka katika wiki moja, na hali hiyo ikajirudia wiki inayofuata, si wakati wa kusherehekea. Ni wakati wa kuongeza chakula kidogo, kurudisha maziwa katika mboga, na kumuuliza daktari. Mwenda pole hajikwai.